Ahadi, Malezi na Funguo: Mila Tatu za Kujenga Timu ya Washauri wa Fedha Kigali

Soko la Hisa la Rwanda lilizinduliwa Januari 2011 kwa hisa za kampuni ya bia ya Bralirwa, na kabla ya mwaka ule kwisha Benki ya Kigali nayo ilikuwa imeshaingia sokoni. Kabla ya hapo, mkazi wa Kigali aliyebakiwa na chochote mwisho wa mwezi alikuwa na mahali pachache pa kukiweka: benki, kiwanja, ng'ombe au ikimina, yaani kikundi cha akiba. Leo anaweza kununua hati fungani za serikali, kujiunga na mfuko wa Iterambere ulioanza 2016, au kuchangia pensheni ya hiari ya Ejo Heza iliyozinduliwa mwishoni mwa 2018. Tangu 2020, serikali kupitia Rwanda Finance imekuwa ikiunadi mji huu kwa wawekezaji wa nje kuwa kituo cha fedha cha kimataifa. Njia zimeongezeka, na kila njia ina masharti yake, kodi yake na hatari yake. Ndiyo maana kampuni za ushauri wa fedha, madalali wa hisa na vitengo vya uwekezaji vya benki vinahitaji vijana wengi, na ndiyo maana swali la jinsi ya kuwaongoza vijana hao limekuwa zito.

Uzito wake unatokana na tabia ya kazi yenyewe. Mwashi akijenga ukuta mbovu, masika ya kwanza yatamuumbua. Mshauri wa fedha akimsukumia mwalimu anayekaribia kustaafu uwekezaji usiomfaa, huenda ikapita miaka 10 kabla mwalimu hajang'amua. Wakati huo mshauri ameshapokea bonasi, ameshapandishwa cheo, na pengine ameshahamia kampuni nyingine. Timu inayouza sana inaweza kuwa timu mbovu kabisa, na mauzo ya mwezi hayatasema hivyo.

Warwanda wana sababu ya kulijua hili. Mwaka 2006 taasisi kadhaa za mikopo midogo zilianguka, wenye akiba wakahaha, na ikabidi serikali iingilie kati. Mtu aliyepoteza akiba mara moja harudi kwa sababu ya tangazo. Umurenge SACCO, vyama vya akiba na mikopo vilivyoanzishwa 2009 katika kila sekta, ngazi ya utawala iliyo chini ya wilaya, vililazimika kwanza kuijenga upya imani ndipo vipate amana.

Kiongozi wa timu anayetafuta mwongozo hukimbilia vitabu vya uongozi kutoka Marekani. Vitabu hivyo vina manufaa, lakini Kigali ina zaidi ya hivyo. Nalinganisha hapa mila tatu zinazokutana katika ofisi za mji huu: ahadi ya hadharani, ambayo Rwanda inaijua kwa jina la imihigo; malezi ya muda mrefu, ambayo ofisi za ubia za London na New York ziliyafanya mfumo; na funguo za vikundi vya akiba, ambazo wanawake wa vijijini wamezishika kwa miongo. Kila moja ina nguvu yake na kila moja imewahi kushindwa. Ninachokitetea ni kwamba mafanikio yako katika mpangilio: funguo kwanza, malezi yafuate, ahadi ije mwisho. Ofisi nyingi huanza na ahadi, na ndipo zinapokosea.

Ahadi mbele ya watu

Katika Rwanda ya kale, mpiganaji alisimama mbele ya mfalme au mtemi wake akataja kwa sauti atakalolitenda. Aliporudi alieleza alichokitenda, na waliosikiliza ni wale wale waliosikia ahadi. Mwaka 2006 serikali iliifufua desturi hiyo kama mikataba ya utendaji. Mameya wa wilaya zote 30 walianza kutia saini imihigo yao mbele ya Rais Paul Kagame, na mwisho wa mwaka tathmini ikatangazwa, wilaya zikipangwa kutoka ya kwanza hadi ya mkiani. Kutoka wilayani desturi ilishuka hadi kwenye sekta, shule, ofisi na hata nyumbani, ambako familia huandika katika daftari la imihigo mambo yake ya mwaka: kulipa bima ya afya, kuweka bustani ya mboga, kukarabati choo. Kijana anayeajiriwa leo na kampuni ya fedha Kigali amekulia katika nyumba zenye daftari hilo. Hahitaji kufundishwa maana ya lengo.

Marekani ililifikia wazo linalofanana kwa njia nyingine. Mwaka 1954 mwandishi wa mambo ya uongozi Peter Drucker aliandika kwamba meneja na mtu wake wakubaliane malengo, kisha kazi ipimwe kwa malengo hayo. Andrew Grove akalikuza wazo hilo katika kampuni ya Intel, na mwaka 1999 mwekezaji John Doerr akalipeleka Google. Tofauti kubwa iko kwa mashahidi. Katika mfumo aliouchora Drucker, ahadi huishi kati ya watu wawili mezani. Katika imihigo, ahadi husikiwa na wengi, na anayeahidi kwanza ni mkubwa. Kwa timu ya washauri jambo hili lina thamani: kila mtu anajua mwenzake amebeba nini, na meneja hawezi kudai kwa wengine asichokidai kwake mwenyewe. Ahadi ni deni, na deni lililotangazwa mbele ya ofisi nzima ni gumu kulisahau.

Lakini ahadi inaweza kumgeuka aliyeiweka. Benki ya Wells Fargo ya Marekani ilijiwekea lengo kwamba kila mteja awe na bidhaa nane za benki. Wafanyakazi wa matawi walifuatiliwa kwa idadi ya kila siku, na waliopungukiwa waliaibishwa au kutishiwa kazi. Septemba 2016 ilitangazwa kwamba akaunti zipatazo milioni 2 huenda zilifunguliwa bila ridhaa ya wateja. Wafanyakazi wapatao 5,300 walikuwa wameshafukuzwa kwa miaka kadhaa, na benki ikatozwa faini ya dola milioni 185. Mwezi uliofuata mkuu wake, John Stumpf, akang'atuka. Mwaka 2017 makadirio ya akaunti yakapandishwa hadi milioni 3.5, na mwaka 2020 benki ikakubali kulipa dola bilioni 3 kumaliza mashauri ya serikali. Timu zile zilikuwa na malengo ya wazi, ufuatiliaji wa karibu na bidii isiyo na kifani. Kilichokosekana ni mtu mwenye uwezo wa kusema "hapana" akasikilizwa.

Imihigo nayo haijaepuka hatari hiyo. Watafiti waliofanya kazi vijijini wameeleza jinsi ofisa wa chini anavyoweza kubanwa na tarakimu hadi akamsahau mkulima ambaye tarakimu zile zinamhusu. Dawa ambayo Rwanda yenyewe iliitafuta inafundisha: kazi ya kupima ilikuja kukabidhiwa watu wasio watendaji wa ahadi, kwanza taasisi ya utafiti ya IPAR, na baadaye Taasisi ya Taifa ya Takwimu. Anayeahidi asijipimie mwenyewe. Kampuni nyingi zimeiga sherehe ya kutia saini imihigo na kuacha kipimo cha mtu wa nje, ambacho ndicho kinachoipa ahadi ukweli wake.

Malezi ya muda mrefu

Mila ya pili ilikua katika ofisi za mawakili, wahasibu na washauri. Mwanzoni mwa karne ya 20, wakili Paul Cravath wa New York aliweka utaratibu uliokuja kuigwa kote: ajiri wahitimu bora wakiwa wabichi, walee chini ya wakubwa, wazungushe kutoka kwa mbia mmoja hadi mwingine, kisha baada ya miaka kadhaa wapande kuwa wabia au waondoke. Marvin Bower, aliyekuwa wakili kabla ya kuwa mshauri, aliijenga kampuni ya ushauri ya McKinsey juu ya fikra hiyo ya taaluma. Nguvu ya utaratibu huo ilikuwa katika mali iliyowekwa rehani. Kwa miaka mingi mbia aliwajibika kwa madeni ya ofisi kwa mali yake mwenyewe, pamoja na nyumba anamolala. Kumlea kijana vizuri kulikuwa kujilinda, kwa kuwa kosa la kijana lingeweza kumfilisi mzee.

Rwanda ilikuwa na shule yake ya aina hii. Katika itorero, vijana walikusanywa kwa mfalme au kwa watemi wakajifunza silaha, ngoma, ufasaha wa kusema na adabu, wakikaa na wakubwa kwa muda mrefu kabla ya kukabidhiwa jambo. Itorero ilirudishwa kitaifa 2007, safari hii kwa mafunzo ya uraia. Mila hizi mbili hazikujuana, lakini zinakubaliana kwamba kuna ujuzi usioandikika, ambao hupatikana kwa kukaa karibu na anayeujua.

Ujuzi huo huonekana pale mteja anapoketi. Tuseme mwalimu mstaafu ameleta kiinua mgongo chake, na la kwanza analolitamka ni kwamba anataka penye faida kubwa. Mshauri mchanga atafungua kompyuta mpakato na kuanza kulinganisha viwango vya riba. Mshauri aliyeiva ataiacha kompyuta kwanza. Atauliza: "Mwalimu, ada ya wajukuu inalipwa mwezi gani? Mkopo wa Sacco umebaki kiasi gani? Ukiugua wiki ijayo, pesa ya hospitali itatoka wapi? Mama nyumbani anajua umekuja hapa?" Baada ya majibu manne, hati fungani ya miaka 10 ambayo kijana alikuwa tayari kuipendekeza imeshakuwa jambo lisilofaa, kwa sababu nusu ya fedha hizo zitahitajika kabla ya miaka miwili. Kijana aliyekaa pembeni akiandika amejifunza katika dakika 20 jambo ambalo mtihani haukumpa. Akishashuhudia mikutano ya namna hiyo mara nyingi, ndipo apewe mteja wake mwenyewe, mkubwa akiwa kiti cha pembeni.

Kigali ina upungufu mkubwa wa viti hivyo vya pembeni. Chama cha wahasibu, ICPAR, kiliundwa kwa sheria ya 2008. Soko la hisa ni la 2011. Maana yake ni kwamba wazee wa taaluma hii ni wachache na kila kampuni inawagombania. Kijana hupewa cheo kabla hajalelewa, kisha huhama kabla hajaona matokeo ya ushauri wake wa kwanza. Kiongozi anayetaka timu imara lazima amhesabie mshauri mkongwe saa za kulea vijana kama kazi anayolipwa. Mkongwe anayelipwa kamisheni tupu hawezi kulea. Kila saa anayokaa na mwanagenzi inamtoka mfukoni.

Hata hivyo, malezi mazuri hayatoshi. Arthur Andersen, ofisi ya ukaguzi iliyoanzishwa Chicago mwaka 1913, ilisifika kwa mafunzo kuliko karibu ofisi zote za aina yake, na ilikuwa na chuo chake huko St. Charles, Illinois. Ilikuwa na kundi la wataalamu wa viwango, kazi yao kuwaambia wenzao wa matawini iwapo hesabu za mteja zinakubalika. Mmoja wao, Carl Bass, alipinga namna mteja wao, kampuni ya nishati ya Enron, ilivyokuwa ikiandika baadhi ya miamala yake. Enron ilinung'unika, na mwaka 2001 Bass akaondolewa kwenye mambo ya mteja huyo. Ofisi ya Houston iliyopokea ada za Enron ilikuwa na uwezo wa kupuuza neno la wataalamu, na ililipuuza. Mwaka 2002 Andersen ilipatikana na hatia ya kuzuia haki, na ingawa Mahakama ya Juu ya Marekani ilitengua hukumu hiyo 2005, ofisi iliyokuwa na wafanyakazi wapatao 85,000 duniani ilikuwa imeshasambaratika. Bass alikuwa amelelewa vizuri, akajua kosa, akalisema. Kufuli halikuwa mikononi mwake.

Funguo tatu

Mila ya tatu haina mwalimu maarufu. Ikimina, au tontini kama baadhi ya watu wa Kigali wanavyoiita, ni ndugu wa chama cha Kenya, upatu na VICOBA ya Tanzania. Mwaka 1991, huko Maradi nchini Niger, shirika la CARE lilifanya kazi na wanawake waliokuwa na vikundi vya namna hii na likaongeza utaratibu wa sanduku. Utaratibu huo ulienea katika nchi nyingi za Afrika, Rwanda ikiwamo.

Ni vyema kuutazama kwa karibu. Sanduku ni la chuma na lina kufuli tatu. Funguo hushikwa na wanachama watatu ambao si viongozi, na mtunza sanduku hana hata ufunguo mmoja. Kikundi chenye watu 15 hadi 25 huketi duara, kila mtu na namba yake. Kabla fedha hazijahesabiwa, katibu huuliza: mara ya mwisho tuliacha kiasi gani? Wanachama hujibu kwa kumbukumbu. Kisha wahesabuji wawili wanahesabu kwa sauti, na jumla lazima ilingane na kilichotajwa. Kila mwanachama hununua hisa moja hadi tano, na vitabu vyao hugongwa muhuri mbele ya macho ya wote. Mwenyekiti akichelewa, anatozwa faini kama mwingine. Mwisho wa mzunguko, takriban mwaka mmoja, fedha zote hugawanywa, na asiyeridhika anaondoka na chake.

Hapa kuna ujuzi wa kuongoza timu ambao ofisi zenye zulia zimeukosa. Imani haijaachwa kwenye tabia ya mtu mmoja. Asiyejua kusoma ana sehemu katika udhibiti, kwa sababu anakumbuka na anasikia. Mamlaka na ufunguo vimetenganishwa. Katika utamaduni ambao mdogo huona haya kumpinga mkubwa mbele za watu, kikundi kimempa mdogo wajibu wa kufungua kufuli, hivyo kuhoji kwake hakuwi utovu wa adabu. Ni zamu yake. Wells Fargo ilikuwa na simu ya siri ya maadili, na Andersen ilikuwa na wataalamu wake wa viwango. Hazikuwa na mwanamke wa namba saba ambaye bila ufunguo wake sanduku halifunguki.

Upungufu wa mila hii nao ni wa kweli. Kikundi kinabaki kidogo kwa sababu udhibiti wake unategemea watu kuonana. Hakikuzi wataalamu: anayejua hesabu leo ndiye atakayezifanya mwakani. Fedha zikigawanywa kila mwaka, ni vigumu kupanga jambo la miaka 20, kama pensheni. Funguo hulinda, na kulinda peke yake hakumfikishi mteja anakokwenda.

Kipi kitangulie

Mila hizi zimeshakutana Kigali, hata kama hakuna aliyepanga. Banques Populaires ya Rwanda ilianza 1975 huko Nkamba kama chama cha akiba cha wakulima. Mwaka 2008 ikawa benki ya biashara, na Rabobank ya Uholanzi, ambayo nayo ina asili ya ushirika wa wakulima, ikawa mbia wake. Mwaka 2016 ikaingia chini ya kampuni ya fedha ya Atlas Mara, mwaka 2021 ikanunuliwa na KCB ya Kenya, na 2022 zikaunganishwa kuwa BPR Bank Rwanda. Katika taasisi yenye historia ya namna hiyo, meneja hukuta mezani watu waliolelewa kwa desturi tofauti za kutii, kuhoji na kuahidi. Akitangaza malengo kabla ya kupatanisha desturi hizo, kila mmoja atayatimiza kwa njia anayoijua.

Ndiyo maana nasema funguo zianze. Katika kampuni ya ushauri, ufunguo una sura ya kawaida kabisa: pendekezo lolote la uwekezaji lisimfikie mteja bila saini ya pili, na saini hiyo iwe ya mtu ambaye malipo yake hayatokani na mauzo yale. Katika kikao cha kupitia mafaili, mdogo aseme kwanza na mkurugenzi aseme mwisho, ili mdogo asilazimike kumpinga mtu aliyekwisha kutamka. Saini ikikataliwa, asiwepo wa kuipita peke yake, hata kama mteja ni mkubwa na ameanza kununa. Utaratibu huu haugharimu fedha nyingi. Unagharimu kiburi cha wakubwa, na hapo ndipo kiongozi wa kweli hujulikana.

Malezi yafuate, kwa kuwa mwenye ufunguo asiyejua anachokitazama atafungua tu. Mwanagenzi aketi katika mikutano ya wateja, aandike kumbukumbu, kisha aeleze kwa nini pendekezo lilikuwa lile. Mara moja kwa mwaka timu ifungue mafaili ya miaka mitatu au mitano iliyopita na kuuliza mteja amefikia wapi. Hakuna darasa linaloshinda hilo, na katika soko changa kama la Kigali ndiyo njia ya haraka ya kuwazeesha vijana kitaaluma kabla ya umri.

Mwisho ije ahadi. Ziwe chache, zitamkwe mbele ya timu nzima, mkuu akitangulia, na zihesabu kile kinachomfaa mteja: wangapi wana akiba ya dharura kabla ya kununua hisa, wangapi wameendelea kuchangia Ejo Heza bila kukatiza, wangapi waliambiwa ukweli kwamba bidhaa fulani haiwafai. Kipimo kifanywe na mtu wa nje ya timu. Zikiwa zimetanguliwa na funguo na malezi, ahadi hizo zitakuwa na nguvu ile ile ya imihigo ya kale, kwa sababu anayezitoa atajua kwamba waliozisikia wana uwezo wa kumzuia na ujuzi wa kumsahihisha.

Rwanda inataka fedha za Afrika na za dunia zipite Kigali. Majengo yapo, sheria zimetungwa, vijana wamesoma. Sifa ya kituo cha fedha, hata hivyo, hujengwa na timu ndogo ndogo za watu watano au wanane, katika faili la mteja ambaye hatajua kwa miaka mingi kama alitendewa haki. Kwa hiyo kiongozi wa timu ya namna hiyo, kabla hajaandika lengo lake la kwanza la mwaka, aamue kwanza ni nani katika timu yake ataweza kumkatalia, kisha ampe ufunguo huo mbele ya wote.